Anga Kwanza

Kuna picha moja ya njia yenye mipopla kando ya mto ambayo imeibwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa 1978, ilipoazimwa kwenda kwenye maonyesho Marseille. Ikapatikana siku chache baadaye kwenye mfereji wa majitaka. Mara ya pili, 1998, ilitoweka katika jumba la makumbusho la Nice, na mahakama ikaja kubaini kwamba mtunzaji wa jumba lenyewe alihusika. Mara ya tatu, 2007, waliingia watu wenye silaha mchana kweupe, na polisi wakaipata mwaka uliofuata, Marseille tena. Picha hiyo ilichorwa 1890 na Alfred Sisley. Mipopla ni ya Moret-sur-Loing, mji mdogo ulio kilomita 70 hivi kusini-mashariki ya Paris, na huko ndiko nilikokuwa nakwenda.

Habari za wezi zilinichekesha, lakini zilinipa pia hamu ya kujua zaidi. Aliyeichora picha hiyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akibisha hodi kwa wanunuzi ambao hawakufungua mlango. Sasa hata wezi wanamgombania.

Anayekwenda Ufaransa kuwatafuta wachoraji Waimpreshonisti huelekezwa Giverny, kwa Claude Monet, kwenye bustani na bwawa la mayungiyungi. Sina ugomvi na Giverny. Ila bustani ile ni kazi ya mtu aliyefanikiwa: alipata fedha, akanunua ardhi, akachimba bwawa, kisha akachora kile alichokipanda mwenyewe. Sisley hakuwa na ardhi. Alichora vitu vya watu wengine: daraja la mji, kanisa la mji, mto wa kila mtu. Mchoraji Henri Matisse alipokuwa kijana aliwahi kumuuliza mzee Camille Pissarro amtajie Mwimpreshonisti halisi. Pissarro alifahamiana na kundi zima na angeweza kumtaja Monet. Akamtaja Sisley.

Treni ya Moret huondokea stesheni ya Gare de Lyon na safari haifiki saa moja. Niliandamana na shemeji yangu, Mkongomani wa Bukavu, mume wa dada yangu, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku na kwa haki yote alistahili kuwa kitandani. Tulipopita vitongoji vya zege na kuanza kuona msitu, aliniuliza, “Shemeji, tunapanda treni mpaka kule juu ya kuangalia daraja?” Nikamwambia daraja, na kanisa. “Na chakula?” Nikasema hapana shaka kipo. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala.

Reli yenyewe ni sehemu ya hadithi. Wachoraji wa kabla ya Waimpreshonisti walichora michoro midogo nje, kisha wakarudi kuikamilisha chumbani, kwa sababu rangi ilisagwa na kuchanganywa na mafuta, ikahifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe vilivyopasuka ovyo. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alivumbua tyubu ya bati yenye kifuniko, kama hii ya dawa ya meno tuliyoizoea. Viwanda navyo vikaleta rangi mpya, buluu na kijani kali ambazo zamani hazikuwapo au ziliwashinda watu kwa bei. Ukiwa na sanduku la tyubu, stendi nyepesi ya kukunja na tiketi ya daraja la tatu, ungeweza kutoka Paris asubuhi, ukachora mto mbele ya mto wenyewe, na jioni ukarudi na picha iliyokamilika. Watu husimulia Uimpreshonisti kana kwamba ulikuwa suala la macho peke yake. Bila tyubu na treni, macho yangebaki palepale chumbani.

Stesheni ya Moret iko nje kidogo ya mji wa kale. Unatembea dakika ishirini na kitu, ukipita nyumba za kawaida zenye magari ya kawaida, mpaka lango la Samois linapokutokea mbele: mnara wa mawe wenye tao katikati, na barabara inapita chini yake. Mji ulikuwa na ukuta zamani, wakati Moret ilipokuwa mpakani mwa himaya ya mfalme. Upande wa pili, mtaa mkuu unaishia kwenye lango lingine, la Burgundy, na ukivuka lango hilo unajikuta darajani. Kutoka lango hadi lango ni mwendo mfupi mno. Ndani ya mtaa huo na pembezoni mwake Sisley alipata kazi ya miaka.

Alihamia eneo hili mwaka 1880, kwanza Veneux-Nadon, kijiji jirani, akahamahama kati ya vijiji vya hapa, na tangu 1889 akakaa Moret moja kwa moja hadi kufa. Ipo barua aliyomwandikia Monet mwaka 1881 akijaribu kumvuta aje: mji hauko mbali na Paris, nyumba za kupanga zipo, soko lipo kila wiki, kanisa ni zuri. Barua ya mtu anayetaka jirani. Monet hakuja. Miaka miwili baadaye alikwenda Giverny.

Tulivuka daraja tukashuka upande wa pili, kwenye uwanja wa majani unaoitwa Pré de Pins. Hapo ndipo mahali. Ukigeuka kuutazama mji, unaona kila kitu kwa mpigo mmoja: mto Loing wenye maji ya kijani yanayokwenda polepole, matao ya daraja, vinu vya maji katikati ya mto, lango la Burgundy, na nyuma ya yote kanisa limekaa juu ya mapaa. Shemeji alisimama akanyamaza. Kisha akasema, “Iko sawasawa na ile ya kwenye simu yako.”

Si sawasawa kabisa. Mwaka 1944 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walililipua daraja, na vinu vikaangamia nalo. Unachokiona leo kimejengwa upya. Lakini aliyejenga upya alikuwa na adabu, na umbo limebaki, hata nadhani picha za Sisley zenyewe zimechangia kuufanya mji uogope kujibadilisha.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya picha yake ya daraja hili ya mwaka 1893, katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris. Kwa mbali ni picha tulivu, na jicho la haraka linaweza kuipita. Ukisogea, utulivu unavunjika. Maji yamepigwa brashi fupi fupi za mlalo, kijani juu ya buluu, buluu juu ya waridi, na hakuna mahali ambapo rangi mbili zimechanganywa zikawa moja. Zimewekwa bega kwa bega zikaachiwa jicho lako lizichanganye. Kivuli chini ya matao si cheusi. Ni buluu inayoelekea zambarau. Mawe ya daraja yamepakwa rangi nzito, inayokaribia kushikika, ilhali anga limepakwa kwa mkono mwepesi zaidi, na kila wingu lina mwelekeo wake wa brashi. Hilo la mwisho lilikuwa kusudi lake. Alimwandikia rafiki yake, mwandishi Adolphe Tavernier, kwamba haoni ubaya kubadili namna ya kupaka ndani ya picha moja, kwa sababu vitu vyenyewe havipokei mwanga kwa namna moja. Akamwambia pia kwamba anga haliwezi kuwa pazia la nyuma tu, na kwamba yeye kila picha huianzia angani.

Ukilijua hilo, hutazami tena picha zake kama zamani. Wachoraji wengi wa mandhari hujenga ardhi kwanza, kisha huziba pengo lililobaki juu. Sisley alikuwa kama nahodha wa jahazi anayetazama juu kabla ya kutweka tanga: anga ndilo litakaloamua maji yatakuwa na rangi gani, ukuta utang'aa au utafifia, watu watembee au wakae ndani. Ndiyo maana aliweza kulichora daraja moja mara nyingi bila kujirudia. Hakuwa akichora daraja. Nilikaa kwenye majani yale chini ya mawingu yanayokimbia, na kila jua lilipofichwa na kufichuka mto ulikuwa mto mwingine, na nikaanza kuelewa jinsi mtu anavyoweza kukesha mahali padogo hivi na asimalize.

Sisley alizaliwa Paris tarehe 30 Oktoba 1839, wazazi Waingereza. Baba alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo. Kijana alipofika miaka 18 alipelekwa London kujifunza biashara, na inavyoelekea alichojifunza zaidi ni picha za Turner na Constable kwenye kuta za makumbusho. Akarudi Paris, baba akaridhia, na mwaka 1862 akaingia darasa la mchoraji Charles Gleyre. Huko aliwakuta vijana watatu: Monet, Auguste Renoir na Frédéric Bazille. Walikwenda kuchora msitu wa Fontainebleau, huo huo tulioupita na treni shemeji akiwa amelala. Sisley ndiye aliyekuwa na posho ya uhakika kutoka nyumbani. Hakuwa na haraka ya kuuza, na miaka ile hakufanya kazi kwa bidii kubwa.

Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vilimaliza hayo yote. Bazille aliuawa vitani mwezi Novemba mwaka huo. Nyumba ya Sisley huko Bougival ilikaliwa na askari wa Prussia, na picha zake zikapotea. Biashara ya baba ikaanguka. Akiwa na umri wa miaka 31, mwenye mwenzi, Eugénie, na watoto wawili wadogo, Pierre na Jeanne, Sisley alijikuta kwa mara ya kwanza inabidi ale kwa brashi yake. Kuanzia hapo kazi inabadilika. Picha nzuri zote ninazozifahamu ni za baada ya kufilisika. Silisemi hili kusifia umaskini, maana umaskini ulimtesa hadi mwisho. Nasema tu kwamba tarehe ndizo hizo.

Mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa waliofanya maonyesho ya kwanza ya kundi, katika studio ya zamani ya mpigapicha Nadar, mtaa wa Capucines. Mwandishi wa gazeti la mzaha, Louis Leroy, akaikejeli picha ya Monet ya macheo na kuwabandika wote jina la Waimpreshonisti. Jina likashika. Fedha hazikushika. Mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel aliwanunulia alipoweza, lakini benki moja kubwa ilipoanguka 1882 naye aliyumba, na Sisley aliyumba pamoja naye. Kati ya waliombeba kulikuwa na Eugène Murer, muuza keki wa Paris aliyewalisha wachoraji Jumatano usiku na kukusanya picha za Sisley nyingi. Jean-Baptiste Faure, mwimbaji wa opera, naye alinunua, na mwaka huo wa 1874 alimgharamia safari ya Uingereza ambako alichora mashindano ya makasia na daraja la Hampton Court. Mpishi na mwimbaji. Wenye makumbusho walikuwa bado wamelala.

Picha yake inayojulikana kuliko zote haikuchorwa Moret. Ni Mafuriko ya Port-Marly, ya mwaka 1876, mto Seine ulipovunja kingo zake. Nyumba ya muuza mvinyo imesimama ndani ya maji hadi usawa wa mlango, rangi ya ukuta ni ya kuiva kama ya maua, mtumbwi umeegeshwa pale ambapo wiki iliyopita palikuwa na barabara, na nusu nzima ya picha ni mawingu yanayojiona kwenye maji. Hakuna anayelia. Hakuna aliyepanda juu ya paa. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika kidogo, maana kwetu mafuriko yana sura nyingine na harufu nyingine. Nilipoitazama zaidi niligundua vijitu vidogo kwenye ubao wa kupitia, wakiendelea na shughuli zao, na nikaona kwamba huo nao ni ukweli wa mafuriko: siku ya pili watu wanatafuta mbao wapate pa kupita. Inasimuliwa kwamba picha hiyo iliuzwa faranga 180. Mwezi Machi 1900, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mchoraji kufa, mkusanyaji wa sanaa Isaac de Camondo aliinunua mnadani kwa faranga 43,000, na leo iko Orsay.

Njaa iliturudisha mjini. Tulipokuwa tukitafuta mahali pa kula tulipita duka linalouza peremende za sukari ya shayiri, rangi ya kaharabu, zilizobuniwa na watawa wa Kibenedikto wa Moret mwaka 1638. Mji umezitengea hata makumbusho, ndani ya kinu cha maji. Shemeji alinunua kopo la watoto, akaanza kulila yeye.

Mbele ya peremende hizo nilikumbuka jambo lisilomhusu Sisley hata kidogo, lakini Mwafrika akifika Moret ni vigumu kulipita. Katika nyumba hiyo hiyo ya watawa, mwishoni mwa karne ya 17, aliishi mtawa mweusi aliyeitwa Louise Marie-Thérèse. Jina limeunganisha la mfalme, Louis wa 14, na la malkia wake. Mfalme alimwekea pensheni mwaka 1695, wakubwa wa ikulu walikuwa wakimtembelea, na minong'ono ikaenea kwamba alikuwa mtoto wa malkia. Voltaire, aliyemwona, aliamini kuwa ni wa mfalme. Picha yake imehifadhiwa katika maktaba ya Sainte-Geneviève, Paris: uso wa mwanamke mweusi ndani ya shela ya kitawa, anakutazama bila kukuomba kitu. Nilimsimulia shemeji. Akaacha kutafuna. “Na watu wa hapa wanasema nini?” Watu wa hapa wanauza peremende, nikamjibu.

Kanisa la Notre-Dame liko hatua chache kutoka mtaa mkuu, na limebanwa na nyumba kiasi kwamba huwezi kurudi nyuma ukaliona lote. Sisley alilichora kati ya 1893 na 1894 mara kadhaa, karibu kila mara kutoka pembe ile ile: asubuhi, jioni, jua kali, baada ya mvua. Miaka hiyo hiyo Monet alikuwa akimalizia kanisa kuu la Rouen, na kila mwandishi wa historia ya sanaa huona wajibu kuyaweka makanisa mawili sambamba na kumtangaza Monet mshindi. Mimi sikubali haraka hivyo. Monet aliisogelea Rouen mpaka jiwe likayeyuka likawa mwanga mtupu. Huoni mtaa, huoni mtu. Sisley hakuyeyusha kitu. Kanisa lake lina uzito, lina kuta zinazobeba paa, lina mtaa mbele yake na watu wanaotembea, na nyumba zimejibanza miguuni. Katika ile ya baada ya mvua, iliyoko Detroit, barabara bado imelowa. Anayetaka kuona jinsi jicho linavyofanya kazi aende Rouen. Anayetaka kujua jengo linavyoishi na majirani zake abaki Moret.

Na nina sababu nyingine ya kumtetea. Ukisimama pale kwenye pembe yake, nyumba ya Sisley, namba 19 Rue Montmartre, iko palepale karibu. Kanisa halikuwa mada aliyoisafiria na kulipia chumba mbele yake, kama Monet alivyofanya Rouen. Lilikuwa jirani yake. Alilisikia likigonga saa. Nyumba ni ya watu binafsi, kwa hiyo unaishia mlangoni; tuliitazama, tukasonga.

Mwezi Februari 1897 yalitokea mambo mawili Paris kwa pamoja. Jumba la mfanyabiashara wa picha Georges Petit lilifungua maonyesho makubwa ya Sisley, picha zaidi ya 140, kazi ya miaka karibu thelathini. Wanunuzi hawakutokea, na magazeti mengi yalikaa kimya. Na katika makumbusho ya taifa ya Luxembourg ilifunguliwa sehemu ya picha alizoziachia taifa mchoraji Gustave Caillebotte, baada ya miaka ya mabishano, na sita kati yake zilikuwa za Sisley. Dola ya Ufaransa ilikuwa imempokea ukutani. Yeye mwenyewe haikumpokea: aliyezaliwa Paris, akaishi Ufaransa karibu maisha yake yote, akazungumza Kifaransa na watoto wake, alibaki raia wa Uingereza. Aliomba uraia mwishoni mwa maisha yake. Hakuupata.

Kiangazi cha mwaka huo tajiri mmoja wa Rouen, François Depeaux, alimlipia safari ya Uingereza. Sisley na Eugénie walifika Wales, na tarehe 5 Agosti 1897, mbele ya msajili wa Cardiff, wakafunga ndoa. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini. Pierre alikuwa mtu mzima. Watu husema ilikuwa kwa ajili ya kuwahalalisha watoto, na naamini, maana wote wawili walikuwa tayari wagonjwa. Walibaki ufukweni hadi vuli. Mtu aliyechora mito maisha yake yote akachora bahari, mawimbi yakipiga mwamba wa Langland Bay, na picha hizo zina ukali ambao Loing haukuwahi kumdai. Ninazipenda sana. Ni picha za mtu ambaye angeweza kuanza upya angepewa muda.

Eugénie alifariki tarehe 8 Oktoba 1898. Sisley, saratani ikiwa kooni, alimwita Monet, na Monet akaja Moret kumuaga. Aliombwa awaangalie watoto. Tarehe 29 Januari 1899 Sisley naye akafa, akiwa na miaka 59. Monet alitimiza ahadi. Alizunguka kwa marafiki akiomba kila mmoja atoe kazi yake, na Mei mosi mwaka huo ukafanyika mnada kwa faida ya Pierre na Jeanne. Marafiki wengine walichanga wakanunua picha ya mfereji wa Loing, wakaitoa kwa taifa. Mwaka 1911 Moret ikamwekea sanamu.

Mchana uliobaki tuliutumia kutembea kufuata maji hadi Saint-Mammès, pale Loing inapoingia Seine. Ni mji wa mabaharia wa mtoni, na matishari bado yanaegeshwa ukingoni, mengine yakiwa na maua madirishani na baiskeli juu ya sitaha, maana watu huishi humo. Sisley alikuja hapa tena na tena katika miaka ya 1880. Alichora bandari, karakana ya mashua, mbao zilizorundikwa, vibarua wakipakua. Wanaomtuhumu kwamba alichora mandhari ya kadi za posta naona hawakufika Saint-Mammès. Watu wake ni wadogo, sawa, wakati mwingine ni brashi tatu tu za rangi ya kijivu, lakini angalia migongo: imeinama. Wanafanya kazi. Ndani ya picha 900 hivi za rangi za mafuta alizoacha ni nadra kukuta mikahawa, wacheza dansi, au wanawake wenye kofia kubwa wakila matunda. Hayo aliwaachia akina Renoir.

Shemeji, ambaye sasa alikuwa ameshalala vya kutosha na kula vya kutosha, aliingia katika mazungumzo marefu na mzee mwenye tishari kuhusu injini. Alikulia kando ya Ziwa Kivu na boti anazijua. Mimi nilisogea hadi kwenye ncha, mito inapokutana. Maji ya Loing yana kijani, ya Seine yana rangi ya udongo, na kwa kipande kirefu yanakwenda sambamba bila kuchanganyika. Nilitafuta pembe ambayo Sisley angesimama. Zilikuwa nyingi mno.

Kwa anayetaka kwenda: anzia Orsay, ghorofa ya tano, utazame daraja na mafuriko kwa karibu, pua kwenye kioo ikibidi. Kisha Petit Palais, ambako mkusanyiko wa kudumu hauna kiingilio, ukaone kanisa la Moret jioni, la mwaka 1894. Majumba yote mawili hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku ya kupanda treni. Beba mkate wako, maana maduka mengi ya miji midogo ya Ufaransa nayo hufunga siku hiyo, na vaa koti hata kama asubuhi kuna jua.